Watu wa Mapangoni: Chanzo cha Mayahudi Waliojitenga Jangwani

Zaidi ya miaka 1000 iliyopita, mwanachuoni Abu Rayhan al-Biruni alitunga kitabu kiitwacho Al-Athar al-Baqiya, kinachoeleza namna mataifa mbalimbali yanavyohesabu miaka, miezi na sikukuu zao. Alipofika kwa Mayahudi, alitaja kundi moja aliloliita al-Maghariba. Akinukuu kwa Abu Isa al-Warraq, alisema kuwa watu hao walikuwa na hesabu yao wenyewe ya sikukuu, na kwamba mwanzo wa mwaka wao ulifungamana na usiku wa kuamkia Jumatano. Myahudi mmoja wa Iraki aliyeandika kwa Kiarabu katika karne ya 10, Yaqub al-Qirqisani, alieleza maana ya jina lao: waliitwa watu wa mapangoni kwa sababu vitabu vyao vilikutwa pangoni. Hawa si As-habul Kahf, vijana wanaosimuliwa katika Qur'ani Tukufu. Hiyo ni habari nyingine kabisa.

Kwa karne nyingi maneno hayo yalibaki kuwa mistari michache tu katika vitabu vya wanachuoni. Leo yanajulikana mengi zaidi, na tunaona kuwa yanastahiki kusomwa kwa makini katika nyumba za Waislamu. Ni habari ya watu wa dini moja, Kitabu kimoja na kibla kimoja, wote wakidai kutafuta radhi za Mwenyezi Mungu, ambao walifarikiana hata wasiweze tena kufunga siku moja. Tunakusudia kueleza farka hiyo ilianzia wapi.

Mitungi ndani ya mwamba

Mwishoni mwa mwaka 1946 au mwanzoni mwa mwaka 1947, wachungaji vijana wa kabila la Kibedui la Ta'amira walikuwa na mifugo yao karibu na pwani ya kaskazini-magharibi ya Bahari ya Chumvi, huko Palestina, kusini mwa mji wa Ariha. Mahali hapo panaitwa Qumran. Ni nchi ya majabali makavu, na bahari iliyo mbele yake iko zaidi ya mita 400 chini ya usawa wa bahari nyingine za dunia. Kwa simulizi iliyoenea zaidi, mmoja wao, Muhammad, mwenye lakabu ya edh-Dhib, yaani mbwamwitu, alitupa jiwe katika tundu la mwamba akasikia mlio wa chombo kikivunjika. Ndani mlikuwa na mitungi mirefu ya udongo, na katika mitungi mlihifadhiwa magombo ya ngozi.

Magombo 7 ya mwanzo yalipita kwa wafanyabiashara wa Bethlehem. Matatu yalinunuliwa na Profesa Eleazar Sukenik wa Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Jerusalem. Manne yalichukuliwa na Athanasius Samuel, askofu mkuu wa Kanisa la Kiorthodoksi la Syria mjini humo, ambaye baadaye aliyapeleka Marekani, na mwaka 1954 yakauzwa huko kwa dola 250,000. Wakati huo Mabedui na wataalamu walikuwa wakishindana kupekua majabali. Hadi mwaka 1956 yalikwisha kupatikana mapango 11 yenye masalia ya nyaraka zaidi ya 900, nyingi zikiwa vipande vidogo vidogo. Pango la nne peke yake, lililogunduliwa mwaka 1952, lilitoa vipande vipatavyo 15,000.

Nyaraka hizo ziliandikwa kwa Kiebrania, Kiarami na Kiyunani, kati ya karne ya 3 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.), ambayo tutaiandika K.K., na karne ya 1 baada yake. Miongoni mwake kuna nakala za vitabu vyote vya Biblia ya Kiebrania isipokuwa kitabu cha Esta. Lakini kilichowashangaza wataalamu zaidi ni maandishi ambayo hayakujulikana kabla: kanuni za jumuiya, nyimbo za shukurani, kalenda, tafsiri za vitabu vya manabii, na mpango wa vita vya mwisho kati ya wale walioitwa Wana wa Nuru na Wana wa Giza.

Karibu na mapango palikuwa na magofu. Kuanzia mwaka 1951 hadi 1956, padri wa Kifaransa Roland de Vaux aliyachimba. Alikuta mabirika yenye ngazi za kuteremkia, ya kujitoharishia kwa maji. Alikuta ukumbi mrefu uliotumika kwa kula pamoja, na pembeni yake chumba chenye vyombo vya udongo zaidi ya 1,000. Alikuta vidau vya wino. Upande wa mashariki kulikuwa na makaburi yapatayo 1,100 yaliyopangwa kwa safu. Watu wengi walikuwa wameishi hapo kwa nidhamu, hata ikawa kila mmoja ana mahali pake pa kula na pa kuzikwa.

Kitabu kilichotangulia kufika Fustat

Kwa hakika ulimwengu ulikuwa umekwisha kuonja habari zao nusu karne kabla ya 1947. Katika mji mkongwe wa Fustat, ulioasisiwa na sahaba Amr ibn al-As (r.a.) na ambao leo ni sehemu ya Cairo, lipo sinagogi la Ben Ezra. Mayahudi wa hapo walikuwa na desturi ya kutotupa karatasi zenye jina la Mungu. Waliziweka katika ghala, zikarundikana kwa karne nyingi chini ya himaya za Waislamu. Mwaka 1896 mwanazuoni wa Kiyahudi Solomon Schechter wa Cambridge alikwenda kuzichunguza. Miongoni mwa maelfu ya karatasi alikuta nakala mbili za kitabu cha ajabu, za karne ya 10 na ya 12, akakichapisha mwaka 1910. Kitabu hicho kinazungumzia watu walioingia agano jipya katika nchi ya Dameski, na kwa hivyo leo kinaitwa Waraka wa Dameski.

Hakuna aliyejua asili ya kitabu hicho mpaka vipande vya nakala 10 za kitabu hicho hicho, vyenye umri wa miaka 2000, vilipokutwa katika mapango ya Qumran. Kilifikaje Fustat? Ipo barua ya Timotheo wa Kwanza, mkuu wa Wakristo wa Kinestori mjini Baghdad, iliyoandikwa kiasi cha mwaka 800, zama za Khalifa Harun al-Rashid. Anaeleza kuwa miaka 10 hivi nyuma yake, mwindaji mmoja wa Kiarabu karibu na Ariha alimfuata mbwa wake aliyeingia katika tundu la mwamba, akakuta chumba kilichojaa vitabu. Alikwenda kuwaarifu Mayahudi wa Jerusalem, nao wakaja kwa wingi kuvichukua. Wataalamu wengi wanaona kuwa hapo ndipo Waraka wa Dameski ulipoanza safari yake ya kwenda Misri, na hapo ndipo lilipotoka jina la watu wa mapangoni waliloliandika al-Qirqisani na al-Biruni.

Cheo kilichonunuliwa

Ili kufahamu chanzo cha jumuiya hii, yatupasa kurudi hadi karne ya 2 K.K. Wakati huo Baitul-Maqdis ilitawaliwa na wafalme wa Kiyunani wa Syria. Mayahudi hawakuwa na mfalme wao. Mkubwa wao alikuwa Kuhani Mkuu wa Hekalu. Cheo hicho kilishikwa kwa muda mrefu na ukoo uliojinasibisha na Sadoki, kuhani wa zama za Nabii Daud na Nabii Suleiman (a.s.). Kwa watu wa wakati ule haikuwa heshima tu. Kuhani Mkuu ndiye aliyesimamia sadaka, ndiye aliyeingia mahali patakatifu mara moja kwa mwaka kuomba msamaha kwa ajili ya umma mzima. Ikiwa yeye si wa halali, basi ibada ya watu wote imeingia dosari.

Mwaka 175 K.K. alitawala Antioko wa Nne. Mtu mmoja aitwaye Yasoni alimwahidi mfalme fedha, akapewa ukuhani mkuu badala ya ndugu yake Onia. Baada ya miaka mitatu akatokea mwingine, Menelao, akatoa dau kubwa zaidi, naye akapewa. Hivyo amana ya Hekalu ikawa kama bidhaa mnadani. Mwaka 167 K.K. mfalme alilinajisi Hekalu na kupiga marufuku tohara ya watoto wa kiume na kuihifadhi Sabato. Familia ya makuhani wa vijijini, iliyokuja kuitwa Makabayo, iliinuka kwa silaha, na mwaka 164 K.K. Hekalu likatakaswa.

Ilidhaniwa kuwa fitina imekwisha. Lakini mwaka 152 K.K. Yonathani, mmoja wa ndugu hao Makabayo, alikubali kuvikwa ukuhani mkuu na mfalme mwingine wa Kiyunani aliyekuwa akitafuta msaada wake wa kijeshi. Yonathani alikuwa wa kizazi cha makuhani, lakini si wa nyumba iliyozoeleka kutoa Kuhani Mkuu. Tena alikuwa jemadari, mikono yake imezoea upanga. Baadhi ya watu walisema: ametuokoa, basi anastahiki. Wengine walisema: ushujaa ni jambo moja na uhalali ni jambo jingine. Mwanahistoria wa Kiyahudi Yosefo, aliyeandika katika karne ya 1, anapofika katika zama hizi za Yonathani ndipo anapotaja kwa mara ya kwanza makundi matatu ya Mayahudi: Mafarisayo, Masadukayo na Waeseni.

Miaka 20 ya kupapasa

Waraka wa Dameski unaeleza mwanzo wa jumuiya kwa maneno ya wenyewe. Unasema kuwa miaka 390 baada ya Nebukadneza kuiteka Jerusalem, Mungu aliotesha mzizi kutoka katika Israili na Haruni. Watu hao walitambua kuwa wamekosa, lakini kwa miaka 20 walikuwa kama vipofu wanaopapasa njia. Kisha Mungu akawainulia Mwalimu wa Haki ili awaongoze.

Tukihesabu kutoka mwaka 586 K.K., miaka 390 inatufikisha mwaka 196 K.K., na kuongeza 20 inatufikisha mwaka 176 K.K., mkesha wa fitina ya Yasoni. Hata hivyo wataalamu hawaichukui hesabu hii kama tarehe ya kalenda, kwa kuwa namba 390 imetoka katika kitabu cha nabii Ezekieli. Lililo muhimu ni mpangilio wenyewe: kwanza toba ya watu wachache, kisha kipindi cha kutojua la kufanya, kisha kiongozi. Jumuiya hii haikuanza kwa kumfuata mtu. Ilianza kwa wasiwasi wa nafsi juu ya usahihi wa ibada.

Mwalimu wa Haki hatajwi kwa jina lake popote. Alikuwa kuhani, na wafuasi wake waliamini kuwa amepewa fahamu ya siri za maneno ya manabii. Adui yake anaitwa Kuhani Mwovu. Katika tafsiri yao ya kitabu cha nabii Habakuki wanaeleza kuwa mtu huyo alikuwa na jina jema aliposhika madaraka mwanzoni, kisha moyo wake ukatakabari akaacha amri za Mungu kwa ajili ya mali. Wataalamu wengi wanaona kuwa anayekusudiwa ni Yonathani. Wapo wanaomtaja ndugu yake Simoni, na wapo wanaosema kuwa jina hilo lilitumika kwa makuhani kadhaa waliofuatana.

Barua ya nasaha

Katika pango la nne zilikutwa nakala 6 za maandishi yaliyochapishwa rasmi mwaka 1994, ambayo yameandikwa kama barua. Kundi moja linamwandikia kiongozi wa Mayahudi, na wapo wanaoona kuwa aliyeandika ni Mwalimu wa Haki mwenyewe. Ndani yake mna masuala ya sheria yapatayo 20, na karibu yote ni masuala ambayo msomaji wa fiqhi hatashangaa kuyaona. Je, ukimimina maji kutoka chombo kilicho tohara kwenda chombo kilichonajisika, najisi hupanda kwa kufuata mkondo wa maji hadi chombo cha juu? Wao walisema hupanda. Je, kuhani anayetayarisha majivu ya ng'ombe mwekundu huwa tohara baada tu ya kuoga, au mpaka jua litue? Wao walisema mpaka jua litue. Je, mbwa waachwe waingie katika mji mtakatifu, ilhali huenda wakatafuna mifupa ya sadaka yenye mabaki ya nyama? Wao walisema wasiachwe.

Inapendeza kuona namna walivyoandika. Barua haina matusi. Inamwambia kiongozi kuwa waandishi wanaiona hekima yake na elimu yake ya Taurati. Inamkumbusha wafalme waliopita, waliofanikiwa kwa kumcha Mungu, na msamaha aliopata Daud. Inasema kuwa haya yameandikwa kwa kheri yake na kheri ya watu wake. Lakini inasema pia, bila kuficha, kuwa waandishi wamekwisha kujitenga na wengi wa watu na hawashiriki nao katika mambo hayo.

Hapa ndipo tunapoona chanzo halisi cha jumuiya hii. Hawakuwa na Mungu mwingine, wala Kitabu kingine, wala nabii mwingine. Walitofautiana katika masuala ya tohara na sadaka, na tofauti kama hizo zilikuwako pia kati ya Mafarisayo na Masadukayo, ambao hata hivyo waliendelea kukutana katika Hekalu moja. Msimamo wao kuhusu mkondo wa maji, kwa mfano, ni ule ule ambao Mishna, kitabu cha sheria cha marabi, inaunasibisha na Masadukayo. Kwa nini basi hawa waliondoka?

Siku mbili za funga moja

Jibu kubwa liko katika kalenda. Mayahudi wa Hekaluni walihesabu miezi kwa mwandamo, mwaka wa siku 354, na baada ya muda huongeza mwezi wa 13 ili sikukuu zisitoke katika majira yake. Watu wa Qumran walishika mwaka wa siku 364. Namba hii hugawanyika kwa 7 bila baki: wiki 52 kamili. Mwaka ulikuwa na robo 4, kila robo siku 91. Kila mwaka ulianza Jumatano, kwa kuwa katika Taurati jua, mwezi na nyota viliumbwa siku ya nne. Kwa hivyo kila sikukuu iliangukia siku ile ile ya wiki daima. Siku ya Upatanisho, funga kubwa kuliko zote, siku zote ilikuwa Ijumaa.

Wao waliiona hesabu hii kuwa ndiyo iliyopangwa mbinguni, na kwamba wanaofuata nyingine wanakula siku ya kufunga na kufanya kazi siku ya mapumziko. Katika hali kama hiyo hakuna njia ya katikati. Watu wawili wakitofautiana juu ya chombo cha maji, kila mmoja aweza kushika lake wakaendelea kuwa majirani. Lakini sikukuu ni ya umma. Mmoja akiwa katika machozi ya toba na mwingine yuko sokoni, kila mmoja ataona kuwa mwenzake ameivunja heshima ya siku.

Na ndivyo ilivyotokea. Tafsiri ya Habakuki inasimulia kuwa Kuhani Mwovu alimwendea Mwalimu wa Haki huko alikohamia, siku ya Upatanisho, ili awavuruge katika siku ya funga yao. Msomi Shemaryahu Talmon alionyesha mwaka 1951 kuwa tukio hili laweza kueleweka tu ikiwa siku hiyo haikuwa funga kwa Kuhani Mkuu mwenyewe, ambaye katika siku yake ya Upatanisho asingeweza kutoka Hekaluni. Ilikuwa funga ya upande mmoja, na upande wa pili uliitumia siku hiyo kuwadhihirishia kuwa hauitambui. Sisi ambao katika mwezi wa Shawwal tumeshuhudia nyumba moja ikisali Idi siku mbili, hatuhitaji kuelezwa uchungu wa jambo hilo.

Ndani ya jumuiya

Waliojitenga walijenga maisha yao. Waraka wa Dameski unazungumzia kambi zilizotawanyika nchini, ambamo watu walioa na kulea watoto. Kila kambi ilikuwa na mwangalizi, ambaye aliamrishwa kuwahurumia watu wake kama baba anavyowahurumia wanawe. Kila mwezi watu walitoa angalau ujira wa siku 2, ukagawiwa yatima, mafukara, wazee, mateka na msichana asiye na jamaa. Msomaji anayejua hikima ya zaka ataitambua rehema iliyomo humo.

Kanuni ya Jumuiya, iliyokutwa katika pango la kwanza, ni kali zaidi na haitaji wanawake. Aliyetaka kuingia alichunguzwa, akakaa mwaka mmoja, kisha mwaka wa pili, na hapo tu ndipo mali yake ilipochanganywa na mali ya wote. Walikula pamoja, wakaomba pamoja, na theluthi moja ya kila usiku walikesha wakisoma. Aliyedanganya kwa makusudi kuhusu mali alitengwa na chakula kitakatifu mwaka mzima na kupunguziwa robo ya posho yake. Aliyelala katika baraza, au kutema mate, au kucheka kipuuzi, aliadhibiwa siku 30.

Mambo haya yanafanana sana na yale ambayo Yosefo na Filo wa Iskandaria wanaeleza kuhusu Waeseni, ambao idadi yao wameitaja kuwa zaidi ya 4,000. Mwandishi wa Kirumi Plini naye anawataja Waeseni waliokaa upande wa magharibi wa Bahari ya Chumvi, bila wake wala fedha, wenzao wakiwa mitende. Kwa sababu hiyo wataalamu wengi wanawahesabu watu wa Qumran kuwa tawi la Waeseni. Wengine, kama Lawrence Schiffman, wameangalia sheria zao wakaona mzizi wao ni makuhani wa Kisadukayo walioondoka Hekaluni. Norman Golb wa Chicago alisema magombo yalitoka katika maktaba za Jerusalem na kufichwa wakati wa vita. Uchunguzi wa karibuni wa vyombo na sarafu unaonyesha pia kuwa makazi ya Qumran yalianza kiasi cha mwaka 100 K.K. au baada yake. Kwa hivyo farka ilitangulia, na jangwa likaja baadaye.

Mlango usiofunguka tena

Tunaona jambo moja la kutafakari katika maandishi yao. Barua ya nasaha ina lugha ya ndugu kwa ndugu. Maandishi yaliyojaa hasira yana lugha nyingine kabisa: kuna Kuhani Mwovu, Mtu wa Uongo, Wana wa Giza, na vita vya miaka 40 ambavyo vitawafuta wapinzani. Kanuni inamfundisha anayeingia kuwapenda Wana wa Nuru wote na kuwachukia Wana wa Giza wote. Aliyekaa ndani miaka 10 kisha akaasi na kutoka hakuruhusiwa kurejea kamwe, na yeyote aliyeshirikiana naye katika chakula au mali alitolewa pamoja naye.

Wala kujitenga hakukuwapa umoja waliotarajia. Waraka wa Dameski unalalamika juu ya watu walioingia agano kisha wakageuka pamoja na Mtu wa Uongo. Waliotengana na umma, nao walitengana wao kwa wao. Qur'ani inatutahadharisha mara nyingi juu ya waliofarikiana baada ya kujiwa na elimu, na hapa tunauona mfano wake kwa mkono wa wenyewe waliouandika.

Mwaka 68 majeshi ya Kirumi yalifika Qumran. Vichwa vya mishale yao ya chuma vilikutwa katika majivu ya majengo. Magombo yalibaki mapangoni, na walioyaandika hawakurudi kuyachukua. Miaka 2 baadaye, mwaka 70, Warumi waliliteketeza Hekalu la Jerusalem. Ugomvi juu ya nani anastahiki kuhudumu ndani yake, na kwa kalenda gani, ulikwisha kwa namna ambayo hakuna upande uliyoiomba: hapakuwa tena na Hekalu la kugombania.

Hatusemi kuwa watu hawa walikosea kusimama dhidi ya cheo kilichonunuliwa. Amana ikiuzwa, lazima awepo wa kusema. Nao walisema, tena kwa adabu na kwa hoja. Tunalosema ni kuwa ikhlasi peke yake haikuwatosha. Walikuwa na tohara, funga, kisomo cha usiku na huruma kwa yatima wao. Walichokosa ni njia ya kubaki ndugu na mtu waliyemwona amekosea siku. Mzazi anayesoma habari hii na wanawe aweza kuwauliza swali ambalo watu wa mapangoni hawakuliacha wazi: ikiwa ndugu yako ataendelea kuiona siku kinyume na unavyoiona wewe, je, utaendelea kula naye?